Giaboksi ya Punda

Tarehe 9 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Sisi huku tupo, ingawa neno "wazima" nasita kuliandika. Watu wa msibani wameondoka na viti tulivyoazima vimerudi kwa wenyewe. Mama anakula asubuhi tu. Ukimwita mchana anasema ameshiba, na ukimwuliza ameshiba nini, anakugeuzia mgongo. Anakusalimu sana, na anauliza kama goti lako limepoa.

Nakuandikia kuhusu gari letu, Punda. Wapasua mbao walituazima trekta, Punda akavutwa kutoka bondeni. Paa limebonyea upande wa usukani, alipokuwa amekaa kaka, mlango haufungi, lakini fremu imenyooka na injini ilishika mara ya pili tu. Kilichokufa ni giaboksi. Ganda lake lilikaa juu ya mwamba likapasuka kwa chini, na oili yote imemwagika.

Kaka hatarudi, najua. Lakini tangu Punda alale, wagonjwa wa zahanati wanashushwa kwa machela, saa tano kwa miguu. Wiki iliyopita mwalimu wa shule ya chini alifia kona ya tatu, wabebaji walipomweka chini ili wabadilishane mabega. Gari jingine la kupanda huku halipo. Nimeamua kumwendesha mwenyewe. Leseni ninayo, na wewe ndiye uliyenitahini.

Naambiwa kuna njia mbili: kutafuta giaboksi ya gia nne kama ile iliyokuwamo, au kuweka ya gia tano ya magari yaliyotoka baadaye. Wewe unakaa karibu na soko la spea, na umefundisha madereva miaka thelathini. Nichagulie.

Kuna jambo jingine. Fundi Kobe, aliyeitengeneza giaboksi ile mara ya mwisho, amewekwa mahabusu tangu siku ya tatu baada ya mazishi. Waliyoyaandika polisi ni maneno uliyoyasema kaburini: kwamba gia iliruka ikajitoa yenyewe, na kwamba aliyeifungua mara ya mwisho anajua alichokiacha humo. Unajua kwa nini aliitwa Kobe. Alikuwa akihesabu boliti mara tatu, na watu wakimcheka: "Ukilitaka gari lako Jumatatu hii, mpelekee Jumatatu ya mwaka jana." Sasa hakuna anayecheka.

Mpwa wako


Tarehe 27 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako ilinifikia tarehe 21. Goti ni lile lile. Mke wangu anawasalimu, na amemshonea mama yako gauni jeusi. Litakuja na mzigo. Mwambie dada yangu ale. Kufunga bila nia si ibada.

Nimekwenda sokoni siku mbili mfululizo. Kuna muuza giaboksi wanamwita Daktari, kwa sababu huvaa koti lililokuwa jeupe zamani. Amezipanga sakafuni kama wagonjwa, kila moja na kibandiko. Nilipoulizia ya gia nne akacheka mbele ya wateja wake.

"Mzee, hiyo ni ya makumbusho! Chukua gia tano, bega lako lipumzike."

Nikamwambia kwamba nilianza kufungua giaboksi kabla baba yake hajaota meno. Akaomba radhi, akaniletea kigoda.

Hata hivyo, ushauri wangu ni huo huo wake. Weka ya gia tano. Ni nyepesi, ni changa, na itakuchosha kidogo. Kabla sijaichukua nahitaji kujua kama shafti yake, yenye meno kumi, itaingia kwenye klachi yenu. Ihesabu meno shafti ya mbele, ile inayochomoza nje. Ihesabu kwa chaki, usikadirie kwa macho. Giaboksi yenyewe usiifungue. Hakuna haja. Kilichokufa kizikwe.

Kuhusu Fundi Kobe, nilisema nilichosema, na sasa shauri liko mikononi mwa wanaohusika. Wewe shughulika na gari.

Mjomba wako


Tarehe 15 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Gauni limefika, limemkaa mama vizuri mno mabegani na vibaya kiunoni, kwa jinsi alivyopungua. Anasema mwambie wifi ahsante. Mvua imeanza, na paa la jikoni tumelizibia turubai la Punda.

Nilipiga chaki jino la kwanza nikahesabu mara tatu. Ni kumi. Kwa hiyo hata ya gia tano itaingia. Ila nina mashaka nayo, na naomba usinione mjuaji.

Nilimpelekea Fundi Kobe chakula. Wanamleta kwenye benchi la nje na askari anakaa katikati yetu. Amekonda, na ndevu zake zimekuwa nyeupe kama za mtu mwingine. Hakuuliza habari za kesi. Aliuliza, "Mnamwekea Punda giaboksi gani?"

"Mjomba anasema ya gia tano."

"Ya gia tano! Kwenye mteremko ule?" Aliweka kijiko chini. "Binti, gia ya kwanza ya ile ya zamani hushika gari kama mtoto aliyeiona sindano. Haliendi popote bila ruhusa yako. Ya gia tano, gia yake ya kwanza ni ndefu. Ukiwa na mzigo itakusukuma, utakanyaga breki, na breki zikipata moto zitakukatalia. Halafu giaboksi yenyewe imezidi urefu kwa shubiri nzima. Itabidi mkate propela shafti, ile nondo inayozungusha magurudumu ya nyuma."

Askari akamwambia, "Wewe si ndiye uliyeua mtu kwa giaboksi? Sasa unafundisha?"

 Fundi Kobe alikiokota kijiko, akala wali wote, akanirudishia sahani ameifuta kwa kidole.

Mjomba, wewe unajua hayo yote kuliko yeye. Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba gari hushuka kwa gia iliyolipandisha. Kwa nini basi unanipa ya gia tano?

Kesi itasikilizwa tarehe 14 Mei.

Mpwa wako


Tarehe 2 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimefurahi kusikia kwamba gauni limefaa. Mke wangu ana kikohozi; tunamtibu kwa mvuke. Ziba lile paa kwa bati. Turubai si paa.

Umeniuliza swali la kiufundi, nami nakujibu kiufundi. Giaboksi yenu ya zamani haina pete za shaba. Katika giaboksi ya namna hiyo, ukishatoka kwenye gia na gari limekwisha kushika kasi, meno yanakwenda mbio tofauti. Kuirudisha gia kunataka ukanyage klachi mara mbili na upandishe injini kwa kipimo kamili, wakati huo huo mguu mwingine uko kwenye breki. Ni kazi ya mtu mwenye miguu mitatu. Mtu aliyeshtuka hawezi. Ataisukuma, itamlilia, na haitaingia.

Ya gia tano ina pete za shaba. Hata gari likikimbia, ukisukuma bila papara, pete zinasawazisha mwendo na gia inaingia. Hiyo ndiyo sababu. Nataka uwe na njia ya kurudi.

Habari ya gia ya kwanza kuwa ndefu ni kweli, lakini hilo ni tatizo dogo kuliko hili. Nimekwisha kumwambia Daktari aitenge. Propela shafti itakatwa hapa hapa na fundi ninayemjua.

Mwambie Fundi Kobe kwamba sina kinyongo naye.

Mjomba wako


Tarehe 20 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Mpe pole mkaza mjomba kwa kikohozi. Mama hajambo. Bati tumepigilia.

Barua yako niliisoma mara moja nikaikunja. Nikaenda kuteka maji, na njiani ikanijia: kwa nini nihitaji kuirudisha gia nikiwa mteremkoni? Mimi ninaingiza gia ya kwanza pale juu kabla ya kona, na sitoi mguu wala mkono mpaka darajani. Nani anayehitaji njia ya kurudi, kama si mtu aliyetoka mwenyewe?

Nikaifungua giaboksi. Najua uliniambia nisiifungue.

Nimekaa nayo siku mbili kwenye meza ya chakula, juu ya magunia. Uliwahi kutuonyesha darasani gia iliyozoea kuruka: meno yake huwa yameliwa pembeni, yameviringana kama sabuni iliyotumika. Nimeyaangalia ya humu moja moja. Yana kingo kali, nimejikata nayo. Uma zinazosukuma gia zimenyooka. Vijiti na springi zao vina nguvu, mpaka kimoja kiliruka kikapiga kabati. Hakuna gia iliyoruka humu, Mjomba. Fundi Kobe aliifunga vizuri.

Kitu kimoja tu ndicho kibaya. Gia ya tatu na ya pili, zile ncha za mbele za meno zimekwaruzwa. Mikwaruzo ni mipya, inameta. Ni mtu aliyeisukuma gia tena na tena, na ikamlilia, na haikuingia. Uliyaandika wewe mwenyewe kabla mimi sijayaona.

Nilimwuliza mama, kwa upole, jinsi ulivyokuwa ukiendesha zamani wakati gari lilikuwa lako. Akatabasamu, mara ya kwanza tangu msiba. Akasema, "Kaka yangu! Ile miaka ya shida ya mafuta, alikuwa akishuka mlima mzima injini kimya. Tulikuwa tunasikia mawe tu yanavyopasuka chini ya matairi, tunajua huyo anafika. Watu walimshangilia. Na marehemu kaka yako alifuata mtindo ule ule."

Hajui alichoniambia. Mimi sijamwambia.

Sikuandikii ili nikuumize. Kuna mtu ana watoto wanne na ndevu zimemgeuka nyeupe ndani ya miezi mitatu. Tarehe ni 14 Mei. Andika ukweli huo, utie sahihi, utume kwa basi la kwanza.

Mpwa wako


Tarehe 3 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimepata barua yako. Mke wangu anaendelea na kikohozi. Nimekuwa na shughuli nyingi za hospitali, kwa hiyo nitaandika kwa kirefu baadaye. Usizungumze na mtu yeyote kabla hujapata barua yangu.

Mjomba wako


Tarehe 10 Mei

Mpwa wangu,

Sijui salamu gani inafaa hapa, kwa hiyo naiacha.

Yote uliyoyaandika ni kweli. Miaka ile mafuta yalikuja kwa pipa, na pipa lilikuja lilipotaka. Nilikuwa nikifika kileleni naitoa gia, naliachia gari lishuke kwa uzito wake. Nilikuwa na mikono yenye nguvu na bahati kubwa, na bahati niliiita ujuzi. Darasani nilikuwa nawafelisha watu kwa kosa hilo hilo. Mwaka mmoja niliwafelisha kumi na wanane. Kisha naondoka darasani nakwenda kulitenda.

Siku kaka yako alipopata leseni nilimpa usukani wa Punda. Tulipofika juu nikamwambia, "Haya, hayamo kitabuni. Mteremko ni mafuta ya bure." Nikaitoa gia mimi mwenyewe, mkono wangu juu ya wake. Alifurahi sana. Alidhani nimempa siri ya wakubwa. Miaka kumi na moja aliitumia.

Siku ile nilikuwa nimekuja kuwatembelea, na nilipofika bondeni, kabla hawajamtoa, niliingiza mkono dirishani nikaushika mkono wa gia. Ulikuwa unacheza katikati, haukuwa kwenye gia yoyote. Nilijua papo hapo. Tulimzika siku ile ile. Kutoka bondeni hadi makaburini ni mwendo wa dakika ishirini, na katika dakika hizo nilikuwa natafuta mtu wa kumpa lawama. Nilipomwona Fundi Kobe amesimama kando na kofia mkononi, nilikuwa nimekwisha kumpata. Dada yangu alikuwa ananitazama. Sikuweza kusema neno jingine mbele ya macho yake. Mimi ni mtu niliyewasahihisha watu maisha yangu yote, na nilipotakiwa kujisahihisha mara moja tu, nilisema uongo kwa sauti ya mwalimu.

Nilikuchagulia ya gia tano kwa sababu niliogopa kwamba kaka yako alikufundisha nawe. Nilitaka chuma kiseme kwa niaba yangu ili mimi nisiseme.

Ndani ya bahasha hii mna maelezo yangu kamili, kurasa tatu, yenye sahihi na dole gumba, mbele ya mwanasheria. Mpelekee hakimu.

Giaboksi ya gia tano nimemrudishia Daktari. Ya gia nne ameipata kwenye gari lililochakaa la ujenzi wa barabara. Nimeifungua kila kipande, nimebadilisha beringi zote, nimeifunga. Inakuja na basi hili hili. Tia oili mpaka itokeze kwenye tundu la ubavuni, ndipo ufunge kizibo. Ingiza gia ya kwanza kabla ya kona ya juu, gari likiwa limesimama. Usiitoe.

Mjomba wako


Tarehe 6 Juni

Mjomba,

Shikamoo.

Maporomoko yalifunga barabara ya chini tangu tarehe 9 Mei. Basi lilikaa upande wa pili zaidi ya siku kumi. Barua na giaboksi nilivipata tarehe 22.

Kesi ilikwisha tarehe 14. Nilisimama nikasema niliyoyaona kwenye meno. Hakimu akaniuliza kazi yangu, nikamwambia ni mhudumu wa zahanati. Akauliza kama mjomba wangu, mtaalamu, ameleta neno lolote tofauti na la kaburini. Sikuwa nalo. Kisha wakamgeukia Fundi Kobe kumwuliza kama anakiri. Nilidhani atakataa. Akasema, "Nakiri." Wamempa miaka mitatu.

Giaboksi tuliifunga kwa siku nne, mimi na wapasua mbao wawili. Ni kazi safi, sina la kusema. Tarehe 29 nilimshusha mama mmoja mjamzito kwa gia ya kwanza kutoka juu mpaka darajani. Alijifungulia hospitali. Nilipotoka hapo nikapita gerezani.

Nilimsomea Fundi Kobe kurasa zako tatu kupitia wavu. Nilipomaliza akasema, "Nisomee tena pale pa meno." Nikamsomea. Akauliza, "Uliifungua wewe mwenyewe? Zile boliti sita za kifuniko cha juu zilikuwaje?"

Nikamwambia ilinibidi nisimame juu ya spana.

"Zote sita?"

"Zote sita, Fundi."

Akakaa chini kwenye sakafu, upande wake wa wavu. Nikamwuliza kwa nini alikiri kosa ambalo hakulifanya. Akasema, "Mtu mzima kama mjomba wako akisimama kaburini akasema gia iliruka, mimi ni nani? Kila siku mle ndani niliifungua kazi ile kichwani nikaifunga tena. Mwanzoni boliti zilikuwa sita. Mwezi wa pili zikawa tano. Mpaka siku ya kesi nilikuwa naiona ile moja imebaki mezani." Akalia kwa sauti, askari akaja akaniambia muda umekwisha, na muda ulikuwa bado.

Rufaa itasikilizwa tarehe 3 Julai. Karani ameyapokea maelezo yako, lakini anasema karatasi haitoshi. Aliyeyasema kaburini aje ayakanushe kwa kinywa chake, mbele ya watu. Njoo tarehe 1. Nitakupokea stendi.

Maelezo yako nilimsomea mama. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa amesimama. Hakulia, na hakunipa salamu za kukuandikia. Amesema uje, lakini usifikie kwake. Nimekutandikia karakanani kwa Fundi Kobe. Mkewe amenipa ufunguo.

Mpwa wako